Matundu Upande wa Kulia

Mimi sishoni nguo za wanaume. Hilo mtaa mzima unalijua. Tangu nifungue karakana yangu ghorofani, juu ya duka la misumari na rangi, tumeshona magauni ya maharusi na blauzi za shule za wasichana, basi. Mwanaume akipanda ngazi na suruali yake mkononi, nilikuwa namwelekeza mtaa wa pili kabla hajamaliza kupiga hodi. Wanaume wana maneno mengi wakipimwa, na tumbo hawakubali kwamba ni lao.

Kwa hiyo vita ilipoanza, na lori la jeshi likanishushia marobota ya kitambaa cha kijani mlangoni, watu walicheka. Mama Rula anashona magwanda. Mama Rula ndiye mimi, kwa sababu ya rula ya mbao ninayotembea nayo, na wapo waliowahi kuionja vidoleni. Niliwaacha wacheke. Mwenye kucheka hashiki sindano.

Nchi nzima ilikuwa imebadilika kama nyumba inayojiandaa kwa msiba na harusi kwa pamoja. Adui alivuka mpaka alfajiri, redio ikasema, na kabla wiki haijaisha kila mtu alikuwa ameambiwa mahali pake. Shule ya msingi ikawa kambi. Madawati yakapandishwa moja juu ya jingine pembeni mwa uwanja. Malori ya kiwanda cha magodoro yalipakwa rangi ya udongo, ila ukikodoa macho bado ulisoma ubavuni: Lala Salama. Yule mwalimu wa hesabu aliyekuwa akigombana na kila mzazi akawa luteni, na kwa mara ya kwanza wazazi wakamsikiliza. Tanuri la mikate la jirani halikuzimwa tena. Ukipita barabarani ulikuta watu wanaharakisha, lakini hakuna aliyemsukuma mwenzake. Mimi nimeishi mji huu miaka yote na sijawahi kuuona hivyo. Niliona fahari, nasema wazi.

Mume wangu ni kinyozi. Mfupi, mpole, anaogopa hata kuku akichinjwa. Lakini ujanani alipita jeshini, na jina lake lilikuwa bado kwenye askari wa akiba, cheo koplo. Asubuhi waliyoitwa, alinyoa ndevu zake mwenyewe, akalitundika koti lake jeupe la kazi nyuma ya mlango wa chumba chetu, akachukua mkoba.

"Utakula nini huko?" nikamuuliza, maana jingine halikunijia.

"Nitakula wanachokula wenzangu, mke wangu. Tuko mtaa mzima."

Hilo la mtaa mzima ndilo lililonikaa rohoni. Kikosi chetu cha akiba kilikuwa cha watu wa mji wetu: vinyozi, makuli, walimu, wauza nyama. Na sajenti wa bohari, aliyeniletea kitambaa, alinieleza sheria bila kunificha. Jumamosi mkaguzi atakuja. Kikosi atakachokikuta kimekamilika, watu, mavazi na nidhamu, kinapanda treni kama kilivyo. Kisichokamilika kinavunjwa, watu wake wanagawanywa huku na huku kuziba mapengo ya vikosi vingine.

"Sasa wakigawanywa kuna ubaya gani?" akauliza mmoja wa mafundi wangu. "Si jeshi ni lile lile?"

Nilimjibu alivyonijibu mume wangu nilipomuuliza swali hilo hilo pale kwenye uzio wa shule. Alisema hofu kila mtu atakuwa nayo, asikudanganye mtu. Ila ukiwa katikati ya watu waliokuona ukikua, utaona haya kukimbia. Na ukianguka, yupo atakayekuokota kwa jina.

Basi tukashona. Cherehani zililia mpaka mwenye duka la chini akapanda kulalamika, akatazama, akashuka, akarudi na birika la chai. Mimi nilikata, wengine wakaunga mabega na mikono, na matundu ya vifungo akatoboa Mama Matundu, kama kawaida yake. Bibi huyu ana miwani mizito kama vitako vya chupa, na matundu yake hayachomoki uzi hata nguo ikichakaa ikawa tambara la deki. Mwanawe wa pekee, Bucha, muuza nyama, jitu la mwili na domo, alikuwa kwenye kikosi hicho hicho. Bibi alitoboa bila kuinua kichwa. Kila shati lilipita chini ya rula yangu: mfuko, kola, mshono wa kwapa. Safi. Nilitamba, nikasema wanaume wangeshonewa na sisi tangu zamani, taifa hili lingekuwa mbali.

Ijumaa mchana tukamaliza, sajenti akaja na lori. Alipapasa shati la juu, akatikisa kichwa kwa kupendezwa, akaamua kulijaribu. Akavaa. Akaanza kufunga, akasita. Akajaribu tena. Vidole vyake vilikuwa vinatafutana kama watu wawili kwenye mlango mwembamba.

"Mama Rula," akasema taratibu, "haya mashati yamefungwa kike."

Nikamtazama kifuani. Vifungo kushoto kwake, matundu kulia. Kama blauzi. Kama gauni. Nikashika shati la pili, la tatu, nikafungua robota la chini kabisa. Yote.

Msidhani tulikuwa wazembe. Sampuli ya jeshi ilikuwa inaning'inia pale ukutani muda wote. Lakini sote tulikuwa tumefunga upande mmoja maisha yetu yote, mikono ikaenda ilikozoea, na macho yakaona sawa kwa sababu yalikuwa macho ya karakana moja. Angepita hata mtoto wa fundi wa suruali angetuambia. Mtaa wa pili, nilikowafukuzia wanaume wote, ndiko kulikokuwa na jicho tulilolihitaji.

Mama Matundu akavua miwani. "Tundu likishakatwa limekatwa," akasema. "Haliombwi msamaha likaziba."

Sajenti akakaa kwenye kiti cha wateja na shati lake wazi. Akatuambia kuhusu huyo mkaguzi, Meja mmoja asiyejua kutabasamu. Ana mtindo wake: anawavua watu mashati, anapuliza filimbi, wavae. Akipuliza ya pili, asiyekuwa amevaa sawasawa ni pengo. Vita, anasema, haimsubiri mtu atafute tundu. Kikosi kimoja kilishavunjwa kwa ajili hiyo, na chenyewe kilikuwa na mashati ya kawaida.

Mume wangu, anayeogopa kuku, akalale katikati ya watu wasiomjua, kwa sababu ya mkono wangu na majigambo yangu. Nikasema tupakie. Nikawaambia mafundi wote wapande lori. Sikuwa na mpango, nilikuwa na hasira tu, na hasira yangu haijui kukaa ghorofani.

Kambini mume wangu akaja mbio. Nikamweleza. Akalitazama shati, akanitazama, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akajishika magoti.

"Unacheka nini, wee mwanaume? Kesho wanawavunja."

"Miaka yote umekataa kunishonea hata leso," akasema akifuta macho. "Leo umenishonea, umenishonea blauzi." Kisha akawa mtu mwingine kabisa, koplo niliyekuwa sijakutana naye. "Filimbi ni kesho. Leo bado tunayo. Tufundisheni."

Ndivyo ilivyokuwa. Jua likiwa bado juu ya paa la madarasa, kikosi kizima kikapangwa kwa safu kwenye uwanja wa mpira, na mafundi wangu wakasimama kila mmoja mbele ya safu yake kama masajenti. Mimi nikapanda juu ya dawati.

"Kulia shika tundu," nikasema. "Kushoto sukuma kifungo. Anzeni chini, pandeni juu. Atakayeanza juu nitashuka."

Walikuwa wanaanza kuinua mikono, ikasikika sauti ya Bucha kutoka nyuma. "Mimi blauzi sivai."

Kicheko kikapita kwenye safu, halafu kikafa, na kilipokufa niliona mikono kadhaa imeshuka. Hapo ndipo palipokuwa pabaya. Mmoja akikataa, kumi watamfuata, na kesho hakuna kikosi. Nilishafungua mdomo nimpe lake, lakini Mama Matundu alikuwa ameanza kutembea. Akapita katikati ya wanaume mpaka akasimama mbele ya mwanawe. Kimo alimfikia kifuani.

"Umekataa matundu yangu?"

"Sijakataa matundu yako, mama. Watanicheka."

"Nani? Hawa nao wamevaa nini? Shuka kidogo, sifiki."

Jitu zima likakunja magoti kidogo. Bibi akaanza chini, bila kutazama, na vifungo vikaingia kimoja baada ya kimoja kama vinaitwa nyumbani. Mkono wake wa kulia ulikuwa unakutana na kila kifungo pale pale kilipo. Nilikuwa nimeshona upande ule tangu nikiwa msichana na sikuwahi kujiuliza sababu. Bibi harusi havai, anavishwa. Ule ni upande wa mtu anayesimama mbele yako.

Alipofika kwenye kola akampigapiga kifua kwa kiganja. "Haya. Sasa fungua, ufunge mwenyewe. Sitakuwepo huko uendako."

Bucha akafungua. Akafunga. Alikosea, akarudia. Hakuna aliyecheka tena, na mikono yote ikapanda.

Tulifanya hivyo mpaka giza likaingia. Kulia shika, kushoto sukuma. Walimu, makuli, vinyozi. Walipokuwa wanaanza kuchoka mume wangu akawaambia wafumbe macho, wakafunga wakiwa wamefumba. Kufikia mwisho ilikuwa sauti moja tu ya kitambaa, halafu kimya. Nilirudi nyumbani miguu inauma na nikalala kama gogo.

Asubuhi mji mzima ulikuwa nyuma ya kamba, uwanjani. Meja alikuwa mwembamba, mkavu, hana haraka. Akapita safu, akatazama viatu, akatazama mikanda. Kisha akasema, "Mashati chini."

Yakavuliwa. Filimbi ikalia.

Naapa sijaona kitu kama kile. Mamia ya wanaume, vichwa mbele, macho hayashuki, na mikono yote inapanda kifuani pamoja, tundu kwa tundu. Walimaliza, wakashusha mikono, wakasimama. Filimbi ya pili ilikuwa bado mdomoni mwa Meja. Hakuipuliza. Akaitoa, akaitazama, akaitia mfukoni.

Halafu akaona. Alisogea mpaka mbele ya Bucha na kumwelekezea kidole kifuani.

"Askari. Shati lako limefungwa kike."

"Ndiyo, afande," akasema Bucha, sauti yake ikafika mpaka kwenye kamba. "Ameshona mama yangu."

Meja akageukia wa pembeni yake. Alikuwa mume wangu, kidevu juu, mfupi kuliko wote. "Na wewe?"

"Mke wangu, afande."

"Na wewe?"

"Dada yangu, afande."

Akaendelea na safu. Shangazi, afande. Jirani yetu, afande. Mchumba wangu, afande. Kijana mmoja alisema hana mtu, afande, lakini wamempima vizuri. Nyuma ya kamba nilikuwa nawasikia mafundi wangu wakivuta kamasi. Mimi mwenyewe machozi yalinitoka na sikuyafuta, nani angenifanya nini.

Meja alirudi katikati ya uwanja. "Nimekagua vikosi vingi mwezi huu," akasema. "Vyote vina mashati mazuri. Sijakuta kingine kinachovaa kama mtu mmoja." Akamgeukia karani wake. "Kikosi kimekamilika. Kipande treni kama kilivyo."

Stesheni sitaieleza sana. Kulikuwa na mikono mingi madirishani. Mume wangu aliniambia nisisahau kumwagia dawa mende wa kinyozini, nami nikamwambia asijifanye shujaa, apige pale anapoambiwa apige. Hayo ndiyo tuliyoagana. Bucha alikuwa nyuma yake, amemshika bega.

Vita bado inaendelea. Juzi sajenti alikuja na marobota mapya. Anasema bohari kuu iliwapelekea vijana wetu mashati ya kawaida, wakayarudisha. Wanataka ya nyumbani, na matundu yakae kule kule. Anasema huko mbele wauguzi nao wanayapenda, kwa kuwa majeruhi hafungui shati mwenyewe. Aliposema hivyo nilichukua mkasi. Tulianza kushona siku ile ile.

Lile koti jeupe bado liko nyuma ya mlango. Vifungo vyake viko upande wa wanaume, na nimekataza mtu yeyote asiliguse. Mikono ya mume wangu sasa imezoea kwetu. Siku akirudi atalivaa na atahangaika nalo, atatafuta matundu yasipokuwepo, atanung'unika, nami nitakuwa nimekaa pale kitandani namtazama na kumcheka. Nitamcheka weee, mpaka achoke. Halafu nitasimama mbele yake, nimfunge mwenyewe.