Mlango wa Mbele

Karibu kila asubuhi Joséphine alivuka mpaka kutoka Bukavu kwenda kuuza Kamembe, beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kichwani, na kabla ya jua kuwa kali alikuwa amesharudi kwake. Kwa hiyo siku ambayo basi la Kigali lilijaa, yeye na familia yake wakaambiwa wangoje la kesho, yeye aliona jambo dogo tu: warudi nyumbani walale, wavuke tena alfajiri. Mumewe, Muderhwa, ndiye aliyekataa.

"Hapana, Maman Vanessa. Tukishatoka tumetoka. Leo tunalala hapa Kamembe, tunatembea sawa batalii."

Walikuwa wanakwenda kumwona Vanessa, binti yao mkubwa, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Wadogo zake, Jolie na Ushindi, waliposikia kwamba watalala ugenini walianza kurukaruka palepale stendi. Joséphine akashindwa.

Waliacha mizigo kwenye nyumba ya wageni ya parokia, wakatoka. Ushindi alitaka kuona ndege, basi wakasimama kando ya uzio wa uwanja mpaka moja ikatua. Ilikuwa ndogo kuliko alivyotarajia, akaipigia makofi hata hivyo. Jolie naye alimwuliza mama yake kila kitu, maana mama ndiye mwenyeji wa mji.

"Mama, ile nyumba ya ghorofa ni ya nani?"

"Sijuwe."

"Na hii barabara inaenda wapi?"

"Sijuwe, Jolie. Miye najua ile ya soko na ile ya kurudi."

Walicheka wote, na yeye akacheka, lakini jibu lake mwenyewe lilimkaa moyoni. Alijua nani hununua bila kubishana na mbwa wa nani anauma. Mji wenyewe hakuwahi kuinua macho akautazama.

Alasiri Muderhwa alisema amepata mahali pa kula. Fundi mwenzake alikuwa amepasifia sana. Wakateremka kuelekea ziwani. Walipofika langoni, Joséphine akautambua ukuta. Sambaza zake alikuwa akizileta hapahapa, ila kwa nyuma, kwenye kilango cha bati kando ya jiko. Muderhwa na watoto wakaingia. Yeye aliwaona wahudumu wenye mashati meupe, walewale waliozoea kumwona na beseni, akatazama viatu vyake, na miguu ikamgeuza. Akazunguka ukuta.

Emerance, mpishi, alikuwa ameketi kwenye kilango akimenya ndizi.

"Joséphine! Saa hizi? Na beseni iko wapi?"

"Sikuleta kitu. Nilikuya kula. Niko na bwana yangu na batoto. Bako kule mbele."

"Sasa huku unatafuta nini?"

Joséphine alishika kitambaa chake cha kichwa, akakikaza bila sababu. "Nilisikia haya ya kuingia," akasema. "Pale mbele sijafikaka hata siku moja."

Emerance akaweka kisu chini, akajifuta mikono. Alimshika mkono, akampitisha jikoni katikati ya masufuria na moshi wa makaa, kisha akausukuma mlango wa pili kwa nyonga.

Ziwa lote lilikuwa pale. Joséphine alisimama, mkono wake bado umeshikwa. Maji yalitulia, na ng'ambo ilikuwa Bukavu nzima, nyumba zimepandana hadi mgongoni mwa kilima, kama mji wa watu wengine.

"Mama, njoo!" Ushindi alikuwa amepanda juu ya kiti. "Tunatafuta kwetu!"

Muderhwa alikuwa amesimama, uso umejaa wasiwasi, akichungulia langoni.

"Papa, bibi yako huyu hapa," Emerance akamwambia. "Alipotea njia kidogo."

Muderhwa alimtazama mkewe, akaelewa nusu, na hakuuliza nusu iliyobaki. Akamvutia kiti kilichoelekea maji.

Chakula kilipokuja, Joséphine aliinuka kugawa. Jolie akamshika bega, akamkalisha. "Mama, kaa. Leo wewe unapewa."

Zilikuwa sambaza za kukaanga, kavu, zimekamuliwa ndimu. Nyumbani walikula zile zilizovunjika, zilizobaki chini ya beseni. Joséphine aliweka moja mdomoni, akafumba macho.

"Kumbe njo hivi zinakuwaka tamu!"

Muderhwa alicheka hadi akashika meza, na Joséphine akampiga kikofi cha mapenzi mgongoni, akachota nyingine.

Wageni walipopungua, Emerance alitoka bila aproni. Muderhwa akampa kiti chake, akamchukua Ushindi kwenda kuona mitumbwi. Wanawake wale wawili walikuwa wamejuana muda mrefu, lakini siku zote wakiwa wamesimama, kila mmoja ana haraka.

"Weye una batoto?" Joséphine akauliza.

"Mumoja. Anafundisha kule Bweyeye. Akikuya kunisalimia, barabara inamuchosha, analala siku nzima."

"Na unamuacha alale?"

"Namupikia, nakaa karibu, namuangalia tu."

Joséphine akamsogezea sahani ya ndizi. Walikula pamoja, Emerance akisimulia jinsi mwanawe alivyokuwa mtundu alipokuwa mdogo, Jolie akisikiliza huku ameegemea mkono wa mama yake. Giza lilipoanza kuingia, Emerance aliwasindikiza hadi barabarani, na hata hapo hawakuagana, wakasimama wanaongea.