Mkono Wenye Kiberiti

Mama hakumzika kaka yangu Nduka. Kwetu Asaba mzazi hamtazami mwanawe akiteremshwa kaburini. Huo ni mkosi, ni kupindua zamu. Siku ile wanawake wa ukoo walikaa naye chumbani wakamshika mikono, na sisi tukaenda na jeneza. Kwa hiyo uso wa mwisho wa Nduka aliouona Mama ni ule wa hospitali, pua na mdomo vimefunikwa na kifaa cha hewa, macho tu ndiyo yanayozungumza.

Mwaka ulipotimia tulisomesha misa. Tuliporudi, jirani yetu Mama Nkemdilim akapitisha kichwa mlangoni, akasema Nduka yupo kwenye televisheni, filamu ile ya zamani, ndiyo kwanza inaanza.

Mama hakuwahi kutazama hata filamu moja ya Nduka. Baba yetu alikuwa katekista, na Nduka alicheza majambazi. Wakati ule, katika filamu zetu, mtu mbaya hakuhitaji kuelezwa. Akiwasha sigara tu, mtazamaji ameshaelewa: huyu atamdhulumu mjane kabla ya sehemu ya pili. Nduka alikuwa na sura inayofaa, kovu dogo kwenye nyusi alilolipata kwa kuanguka kwenye mpapai. Lakini sigara hakuwa anavuta. Alikuwa anaimba besi kwenye kwaya. Siku ya kwanza alikohoa mpaka machozi yakamtoka, na mwongozaji wetu, Oga Azuka, akasimamisha kazi.

"Nduka, jambazi hakohoi," alimwambia. "Anayekohoa ni mjomba wa kijijini. Kaza kifua."

Akakaza. Baada ya filamu tatu, wauza samaki wa sokoni wakawa wanamzomea. Mmoja alimwambia, wewe uliyemuua shemeji yako Jumapili, leo una uso wa kuniomba punguzo? Nduka alicheka, akamwambia shemeji mwenyewe ameniudhi, mama, nipunguzie tu. Alirudi nyumbani na samaki wawili wa nyongeza.

Mimi ndiye niliyekuwa nikitunza mwendelezo. Kazi yenyewe ni daftari, rula na wembe. Tukio moja hupigwa mara nyingi, kwa mbali, kwa karibu, kutoka begani kwa mwingine, na vyote lazima vifanane vikiunganishwa. Sigara ikiwa nusu kwa mbali haiwezi kuwa nzima kwa karibu. Kwa hiyo nilizipima, nikazikata kwa wembe, nikazipanga kwenye kisahani. Kila nikimpa mpya, Nduka aliniuliza kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Isi, ya ngapi hii?"

Nikamtajia.

Filamu ile waliyoirusha nilikuwa naikumbuka kuliko zote. Kuna mahali ambapo mpenzi wa jambazi anamwashia sigara. Aliyecheza mpenzi alikuwa Uju, na alikuwa amebandika kucha nyekundu. Alipoona kiberiti alirudi nyuma. Akasema kucha zake ni plastiki, zikishika moto, je, Oga Azuka atamwoa yeye? Watu wakacheka. Oga akasema kamera itaona mkono tu, mkono ni mkono, Isioma njoo hapa.

Basi nikamwashia mimi. Sigara ishirini na tatu. Oga akasema imetosha, vijana wakaanza kukunja nyaya. Nduka alikuwa amekaa kwenye ngazi, kichwa katikati ya magoti. Nikafungua daftari, nikaona kosa. Uju ana rangi nyekundu kwenye kucha. Mkono wangu hauna.

Hakuna aliyeliona. Kamera ilikuwa imeshafungwa. Ningenyamaza, filamu ingetoka, na mnunuzi gani kule sokoni Onitsha angesimamisha diski ahesabu kucha? Lakini walikuwa wakisema jicho la Isi halikosi kitu, na nilipenda kusemwa hivyo. Nikainua mkono nikasema.

Nduka aliniangalia. Hakulalamika. Uju alinipaka rangi, tukaanza upya, nyingine kumi na nne. Ya mwisho njiti iliniunguza kidole gumba na sikuiachia, nisije nikaharibu tena. Nduka aliona, akatabasamu. Si tabasamu la jambazi. Lilikuwa lile la nyumbani, la kuniambia pole na kunicheka kwa pamoja. Oga akalipenda, akalitumia.

Wakati wa kurudi nyumbani Nduka alisimama kwenye kibanda, akanunua sigara moja. Sikuwahi kumwona akinunua.

"Kifua kinaidai tu," alisema.

Mama nilimwambia kidole kimeungua nikikaanga akara, bajia zetu za kunde. Miaka ikapita, filamu zikapungua, sigara hazikupungua, mpaka mapafu yakasema basi.

Sasa Mama alikuwa kwenye kiti, miwani imesafishwa, anamsubiri mwanawe. Nduka akatokea. Alipoinua mkono kuelekea mdomoni, kiraka cha ukungu kikashuka, vile viraka vya miraba midogo, kikafunika mkono na nusu ya uso. Tukio lililofuata, hivyo hivyo. Filamu nzima hivyo.

"Mbona wamemziba mdomo?" Mama akauliza.

Nikamweleza kwamba siku hizi vituo vinaficha sigara, watoto wasiige. Akafikiri kidogo. Akasema walipokuwa wanampa hawakuficha.

Nilijua tukio la kiberiti linakuja, nikashika ukingo wa kiti. Lilipofika, ukungu ulifunika kila kitu, tabasamu la Nduka na mkono wangu pamoja nalo. Nikashusha pumzi. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Mama aliinuka, akasogea mpaka kwenye kioo, akakipangusa kwa ncha ya kitambaa chake, kama mtu anayefuta vumbi. Akapangusa tena.

"Hospitali walimfunika," alisema. "Kaburini hamkuniruhusu. Na hapa pia. Isi, mimi mwanangu nitamwona wapi?"

Diski yenyewe, ile ya mwanzo isiyofichwa kitu, ilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya vitambaa vya msiba. Sikusema.

Wiki ile harufu ya moshi ilikuwa kwenye korido yetu, na ndani ya nyumba hakuna anayevuta. Kila nikiwasha jiko, njiti ikishika tu, nasikia nyuma ya sikio langu: ya ngapi hii? Nikaacha kuwasha. Nikawa nakwenda kwa Mama Nkemdilim na koleo, naomba kaa la moto. Aliniuliza kama kiberiti kimekwisha mjini. Nikamwambia kimelowa.

Mama naye hakuwa akila vizuri. Viazi vikuu vilibaki kwenye sahani. Kila adhuhuri aliwasha televisheni akatazama lolote lililokuwepo, labda watamrudisha, labda safari hii watakuwa wamesahau kumfunika.

Jumapili iliyofuata nilitoa diski, nikaiweka kwenye deki, nikakaa kando yake. Nikapeleka mbele mpaka pale.

Uso wa Nduka ukajaa kwenye kioo, mzima, mdomo na vyote. Mkono wenye kucha nyekundu ukaingia kutoka kushoto. Njiti ikawaka. Moto ukashuka taratibu mpaka kwenye kidole gumba, na kidole hakikuachia. Nduka akatabasamu.

"Meno ya baba yake," Mama alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa. Kisha, "Rudisha."

Nikarudisha. Mara ya pili alilia bila kujifuta. Mara ya tatu hakuutazama uso. Alitazama mkono. Bila kunigeukia alinyoosha wake, akaushika wangu, akapapasa kidole gumba mpaka akalipata kovu.

"Akara," alisema.

"Si akara, Mama."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu yeyote habari za kuhesabu, wala Nduka, najua, hakusema.

"Zilikuwa ngapi?" aliuliza.

"Siku ile, thelathini na saba. Kumi na nne ni zangu."

Hakunibana, wala hakuniachia. Kidole chake kilibaki palepale, juu ya kovu.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Tuliendelea hivyo mpaka umeme ulipokatika, na kila mara mkono wangu kule kwenye kioo ulifika kwa wakati wake, haukukosea.