Kinachovaliwa Hakipimwi

Shemeji yangu Thayer aliukata mpini wa mswaki wa mke wake kwa msumeno, akakiweka kibutu kilichobaki kwenye mizani ya jikoni, akatabasamu. Alitaka kila gramu ipunguzwe kwenye mizigo yetu ya safari.

Tulikuwa kwenye banda lake la gari, mashanta matatu yamemwagwa sakafuni. Kesho yake tulikuwa tunapanda milimani kwa siku nne. Mdogo wangu Corinne, mke wa Thayer, alikuwa na miezi mitatu tu tangu apone nimonia. Thayer akalipima sweta la Corinne la sufu, akalitupa pembeni. Koti lake la mvua nalo likafuata.

"Shemeji, huu ni mwezi wa tisa," nikamwambia. "Huku Wyoming theluji haimngoji mtu."

"Utabiri unasema jua, Verna. Nyinyi mnabeba woga mgongoni."

"Na hilo koti ulilovaa?" Lilikuwa la manyoya ya bata, nene, limemvimbisha mwili mzima.

"Kinachovaliwa hakipimwi. Ndiyo kanuni."

Hawa watu wa mizigo myepesi kweli wana kanuni hiyo, na wanaiheshimu kuliko akili zao. Shanta lake likatoka jepesi kuliko yetu yote, akalipiga picha. Niliinama kuokota lile sweta, Corinne akanishika mkono.

"Mwache, dada. Ameshapanga."

Nikamwacha. Najilaumu mpaka leo.

Siku ya tatu, mchana, tukiwa juu kwenye mawe matupu, upepo uligeuka. Ikaja mvua, kisha barafu, kisha theluji iliyotuchapa usoni. Corinne alikuwa na kijikoti chembamba kama ganda la kitunguu, kimelowa chapachapa. Alianza kutetemeka, kisha kujikwaa, kisha maneno yakawa mazito kinywani mwake kama ya mlevi. Nimeishi kwenye milima hii miaka hamsini, najua baridi inavyoua.

"Thayer," akasema Corinne, "niazime koti lako kidogo."

Thayer akamtazama. Mkono wake ukaenda kifuani, akafunga zipu mpaka kidevuni.

"Tukiongeza mwendo utapata joto, mpenzi."

Nilitema mate palepale miguuni pake. Nikavua koti langu nikamvisha Corinne, nikasimamisha hema kwa vidole visivyosikia kitu, nikamvua nguo zilizolowa na kumsokomeza kwenye mfuko wangu wa kulalia. Nikachemsha maji, nikayajaza sukari, nikamnywesha kidogo kidogo huku nikimkumbatia. Nje, yule bwana alikuwa anakaza kamba za hema na kutuhubiria jinsi lilivyo jepesi.

Ilichukua saa nzima midomo ya Corinne kurudisha rangi. Ndipo Thayer akaingia, koti amelivua, amelishika mbele kama mgeni aliyeleta zawadi.

"Haya, mke wangu, chukua."

Corinne akalitazama koti, akamtazama na yeye. Maneno yake sasa yalikuwa yamenyooka.

"Ulifunga zipu."

"Nini?"

"Nilikuomba, ukafunga zipu."

Thayer akaanza kueleza habari za upepo na mwinuko. Corinne akamgeuzia mgongo, akaniuliza kama maji ya moto bado yapo.