Kigari cha Mchungaji Adriano

Majira yote ya baridi Gaudiosi alikuwa akitengeneza kile kigari cha gofu katika gereji ya nyumba yake huko Beechmont, mtaa wa Louisville, kila alipotoka zamu ya ghala. Alikipata kikiwa kimekufa, kutoka uwanja mmoja wa gofu uliokuwa ukibadilisha vigari vyake. Alikiwekea betri mpya sita, akavika viti ngozi mpya, kisha akakata bati la kukanyagia upande wa abiria na kulishusha kwa upana wa kiganja. Kazi hiyo ya bati ndiyo iliyomchukua muda mrefu kuliko zote. Mguu wa kulia wa rafiki yake Adriano haukunjiki vizuri, na Gaudiosi hakutaka auinue juu kila anapopanda.

Hakuhitaji kuupima mguu ule. Alikuwa ameubeba miaka mitatu.

Walikuwa watoto katika kambi ya wakimbizi ya Mtabila, Kasulu, baada ya familia zao kuvuka kutoka Burundi. Polio ilikuwa imemlemaza Adriano mguu mmoja. Shule ilikuwa mbali na kitongoji chao, vumbi kiangazi na utelezi masika, na siku ya kwanza ya masomo Teopista, mama yake Adriano, alisimama mlangoni akasema huyu atabaki nyumbani. Gaudiosi alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alichuchumaa mbele ya Adriano akamwambia apande. Alimbeba mgongoni siku hiyo na siku zilizofuata, mpaka shirika moja lilipoleta magongo. Alikuwa akifika darasani shati limeloa, macho yanafumbika, na masomo ya asubuhi yanampita. Adriano alikuwa wa kwanza katika darasa. Gaudiosi alirudia la nne mara mbili.

Marekani iliwatenganisha. Gaudiosi aliletwa Louisville, Adriano akapelekwa Buffalo, akasoma, akawa mchungaji. Lakini kila Agosti waliokulia Mtabila hukutana siku tatu kwenye kiwanja cha kupiga kambi kando ya ziwa, nje kidogo ya Buffalo. Kiwanja hicho ni kipana. Kutoka mahali pa kulala mpaka ukumbini ni mwendo, na mwaka uliopita Gaudiosi alimwona Adriano akisimama njiani mara nne, akijifanya anasalimia watu. Ndipo alipopata wazo la kigari.

Siku ya kuondoka walikipandisha kwenye pikapu kwa mbao mbili, yeye na majirani watatu. Hakikuenea vizuri. Mlango wa nyuma wa pikapu ilibidi ubaki wazi, umeshikiliwa kwa mikanda. Kisha akafunga tela lao la kulala, lile wanalolala yeye na mkewe Kostansia kila mwaka kwenye mkutano. Tela lilipokaa kwenye ndoano, sehemu ya nyuma ya pikapu ilididimia na pua ikaangalia juu.

Kostansia alikuwa ameufungua mlango wa dereva, anasoma kibao kilichobandikwa pembeni.

"Baba Ruta, hapa wameandika gari libebe kiasi gani. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Kigari kina kilo ngapi?"

"Mia nne na kitu."

"Na tela linaikandamiza ndoano kwa kilo ngapi?"

Gaudiosi alikaza mkanda ambao tayari ulikuwa umekaza. "Panda, Mama Ruta. Tutakwenda polepole."

Walikwenda polepole kweli. Kwenye kituo cha mafuta, alipokata kona, Kostansia alipiga dirisha kwa kiganja: ule mlango uliobaki wazi ulikuwa umebakiza upana wa vidole viwili tu kugonga mitungi ya gesi mbele ya tela. Alirudi nyuma, akazunguka upya. Magari yaliyokuwa yakisubiri yalimpigia honi.

Walipofika Columbus walipumzika kwa Olivier, mdogo wake Kostansia, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu. Olivier hakusalimia vizuri. Alizunguka gari zima, akapiga magoti akatazama springi, akasimama mbele ya pikapu na kuusukuma mkono chini ya bampa.

"Shemeji, magurudumu ya mbele yanaigusa barabara kidogo tu," alisema. "Tela linakandamiza mkia, na juu ya mkia umeweka kigari. Ukipata upepo wa pembeni, si wewe utakayeliongoza tela. Lenyewe ndilo litakuongoza wewe."

"Nimefika hapa salama."

"Huku hakuna ziwa. Mbele mtatembea kando ya ziwa saa tatu nzima." Olivier alijipangusa mikono. "Niachie kigari. Baada ya wiki mbili nina safari ya kwenda huko juu, nitakiteremsha mlangoni kwa mchungaji."

"Baada ya wiki mbili mkutano utakuwa umekwisha."

"Basi liache tela. Laleni kwenye hema."

Gaudiosi alimtazama Kostansia, ambaye mgongo wake ulikuwa umeharibiwa na miaka ya kusimama kiwandani. Alikuwa akingoja mumewe achague.

"Vyote vinakwenda," alisema Gaudiosi. "Nilishabeba mzigo mzito kuliko huu."

Olivier aliinua mabega, akaingia ndani kuwaletea chakula.

Upepo uliwakuta walipokuwa wameacha mji wa Erie nyuma yao. Haukuwa mkubwa. Lori refu liliwapita, na mara tu lilipowapita upepo wa ziwani ukaingia pale lilipokuwa, ukalisukuma tela ubavuni. Tela likaenda kulia, likarudi kushoto, likaenda tena kulia kwa nguvu zaidi, na pikapu nayo ikaanza kutikisa mkia kama mbwa anayevutwa. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi mwake, kana kwamba haukuunganishwa na kitu chochote. Kostansia alishika kiti kwa mikono miwili. Gaudiosi alikumbuka kutokanyaga breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akabonyeza kitufe cha breki za tela peke yake, akashikilia. Kitu kilipasuka chini kwa mlio mkavu. Tela liliyumba mara mbili zaidi, likatulia. Wakaingia pembeni ya barabara na kusimama.

Walikaa, magari yakipita na kuwatikisa. Hatimaye Kostansia aliuliza, "Yeye anajua unamletea?"

"Hapana. Nataka akione tu."

Alishuka akalala chini ya gari. Bapa mbili za springi ya kushoto zilikuwa zimevunjika. Alifunga mnyororo pale alipoweza, na njia iliyobaki wakaenda kwa mwendo wa baiskeli, taa za hatari zikiwaka.

Waliingia kiwanjani mchana, mkutano umeshaanza. Vijana walikiteremsha kigari. Bibi Teopista, mdogo sasa kama msichana wa darasa la pili, aliletwa kumsalimia, akamshika Gaudiosi mikono na kumwita mwanangu. Adriano alikuja na fimbo yake, suruali nyeupe, shati lililopigwa pasi. Alikizunguka kigari. Macho yake yalifika kwenye bati lililoshushwa, yakakaa pale.

"Umefanya kazi kubwa, ndugu yangu," alisema. Kisha akageukia watu na kuwatangazia kwamba ndugu wa Louisville wametoa zawadi kwa ajili ya wazee wote. Watu wakapiga vigelegele. Gaudiosi alitaka kusema kwamba hakuna ndugu wa Louisville, ni yeye peke yake, lakini ilionekana jambo dogo mno la kusahihisha.

Jioni hiyo na asubuhi iliyofuata Adriano hakukipanda. Alitembea.

Ushuhuda ulikuwa saa nne asubuhi. Ukumbi ulijaa, walikuwepo pia wageni Wamarekani, na mkalimani, na kijana aliyekuwa akipiga video. Gaudiosi na Kostansia walikaa safu ya tatu. Adriano alisimulia habari za kambi: foleni ya maji, turubai zilizopasuka, maharagwe yasiyoiva. Watu walicheka na kutikisa vichwa. Kisha sauti yake ikashuka.

"Nilitambaa," alisema. "Kilomita tatu kwenda shule, kilomita tatu kurudi. Kwa mikono na magoti. Watu walipita. Watoto walipita. Hakuna hata mmoja aliyesimama. Nilimwambia Mungu, kama hakuna mtu, basi ni wewe na mimi."

Mwanzoni Gaudiosi alidhani hakusikia vizuri. Alisubiri sentensi inayofuata, ile ambayo ingegeuza maneno, lakini sentensi iliyofuata ilikuwa juu ya magoti kutoka damu. Wamarekani walifuta machozi kabla mkalimani hajamaliza. Wazee wawili wa kitongoji chao cha zamani waligeuka wakamtazama Gaudiosi, kisha wakatazama viatu vyao. Bibi Teopista, kwenye kiti cha mbele, hakuinua kichwa. Kostansia alisogeza mdomo sikioni mwa mumewe. "Anasema nini huyu?"

Alimkuta Adriano baadaye nyuma ya ukumbi, peke yake, amekalia jiwe, anaunyoosha mguu.

"Ulitambaa lini, Adriano?"

Adriano hakushtuka. "Kuna siku nilitambaa."

"Siku gani?"

"Ulipokuwa na malaria."

"Siku moja."

"Sikufika. Mama alinikuta kwenye bomba la maji, akanirudisha."

Gaudiosi alisimama pale mikono ikining'inia. Alikuwa amejiandaa kwa uongo, si kwa hili.

"Mara za kwanza nilikutaja," alisema Adriano. "Nilikutaja kwa jina. Watu walitoka wakizungumza habari zako. Wakinishika mkono walisema, ulikuwa na rafiki mzuri sana. Kila mahali nilipokwenda, rafiki mzuri sana."

"Na hilo lilikuumiza?"

"Wewe hujawahi kubebwa, Gaudi. Ulikuwa ukianguka, wote wanacheka, halafu unasimama, wanakusifu. Mimi nilikuwa mzigo. Nina miaka arobaini na sita, nina kanisa, na jana umekuja na kigari, umekishusha bati kwa kipimo cha mguu wangu, mbele ya watu wote." Aliusugua mguu. "Sikukuomba."

"Hata kule hukuniomba."

"Ndiyo. Hata kule sikukuomba."

Palikuwa na mambo mengi ya kujibu, na Gaudiosi aliyafikiria yote baadaye, barabarani na kitandani na kwenye mstari wa kupakia mizigo. Angeweza kumwambia habari za darasa la nne. Pale kwenye jiwe aligeuka tu, akaenda kumwambia Kostansia kwamba wanaondoka.

"Na kigari?" aliuliza Kostansia. Uso wake ulikuwa mweusi kwa hasira. "Kigari chetu tunarudi nacho. Nitakisukuma mwenyewe."

"Springi imevunjika."

"Basi tukiuze hapa hapa. Tukitie ziwani."

Gaudiosi alikwenda kukichukua. Alikikuta kimesimama karibu na vyoo, na Bibi Teopista amekaa upande wa abiria, miguu yake mifupi imefika vizuri kwenye bati lililoshushwa. Msichana aliyekuwa akimwendesha alikuwa amekwenda kumchotea maji.

"Mwanangu," alisema yule mama. "Nilisikia yote."

"Najua, mama."

"Mimi ndiye niliyekufunga kitambaa begani ili asikuchubue. Nakumbuka mpaka rangi yake." Alitazama huku na huku. "Lakini mimi ninakaa kwake. Ananipa chakula, ananipeleka kwa daktari. Ninyi mtaondoka kesho. Mimi nitarudi naye nyumbani."

Gaudiosi alimrekebishia shuka magotini. Ufunguo ulikuwa pale pale, mkono wake ungeufikia. Aliuacha. Alisubiri mpaka msichana aliporudi na maji, akamwonyesha namna ya kuchaji betri, akamwambia asikiache kigari usiku mzima kwenye mvua, kisha akaenda kufunga tela.

Kostansia hakuzungumza naye mpaka Columbus. Olivier aliona pikapu tupu, akaiona springi, akafungua mdomo, dada yake akamtazama, akaufunga. Alitafuta bapa mbili za zamani, akazifunga mwenyewe. Walipokuwa mezani aliuliza mkutano ulikuwaje.

"Watu walikuwa wengi," alisema Gaudiosi.

Adriano alipiga simu mara mbili wiki hiyo. Gaudiosi aliiangalia ikiita. Mara ya tatu haikuja.

Ilikuwa Oktoba, saa ya chakula pale ghalani, Byamungu, Mkongo kutoka Bukavu anayefanya naye kazi, alipomsogezea simu karibu na sahani.

"Angalia huyu pasteri, Gaudi. Muburundi wenu. Alikuwa anatambaa mpaka ku masomo, na magoti, vraiment, kweli. Mimi nililia." Aliongeza sauti. "Bon, wewe pia ulikuwa mu ile kambi, hein? Ulimujua?"

Video ilikuwa imefika mwisho wa ushuhuda. Ukumbi wote ulikuwa umesimama, na kamera ikageuzwa polepole kuwaonyesha watu: wageni wenye machozi, wazee, kisha safu ya tatu. Kostansia alikuwa amekaa, mikono mapajani. Kando yake alisimama mwanamume mwenye shati la bluu, uso mtupu, anapiga makofi pamoja na wengine. Gaudiosi hakukumbuka kusimama. Alitazama ile mikono ikigongana mpaka kamera ilipopita.

Byamungu alikuwa bado anangoja jibu, hakuwa ameona kitu.

"Kambi ilikuwa kubwa," alisema Gaudiosi, akasukuma simu, akarudi kwenye chakula chake.