Mguu wa Koplo si wa Kampeni

Koplo alikuwa mtu wa mguu mmoja na maneno mengi, na dada yake, fundi cherehani, alipenda kusema kwamba bomu lile lilikosea pa kupiga. Lilikuwa limetegwa ardhini huko mpakani, likamkata mguu wa kushoto chini ya goti. Ulimi likauacha salama salimini. Aliporudi nyumbani, dada mtu akamwachia chumba cha nyuma ya duka, na kila Jumamosi kikajaa wanajeshi wenzake waliojeruhiwa. Huyu kaleta kiti cha magurudumu kikazwe nati, yule suruali ipunguzwe upande mmoja, wengine wamefuata soga tu. Dada alilalamika kwamba wanamfukuzia wateja, huku akiwachemshia chai.

Rafiki mkubwa wa Koplo pale chumbani alikuwa Kipara, aliyevunjika nyonga vitani na kutoka jeshini na magongo mawili na hasira isiyostaafu. Walikuwa chanda na pete, lakini hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote, hata kama mvua imenyesha.

Jumamosi moja akaingia diwani. Alikalia kigoda katikati ya vipande vya vitambaa, akamsifu Koplo mpaka mashine ya dada ikasimama ili imsikilize. Kumbe alikuwa na haja. Kutakuwa na mkutano wa wakazi kuhusu wahamiaji haramu. Wageni wasio na vibali wamezidi, alisema, wanajaza hospitali, ndiyo maana mashujaa wetu wanangojea miguu ya bandia mwaka mzima. Maneno hayo yangetiwa kwenye azimio la mkutano, na Koplo akiyatamka yeye mwenyewe jukwaani, nani atathubutu kupinga?

Diwani alipotoka, Kipara alisema hajawahi kusikia kiongozi akisema kweli namna ile. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.

"Jembe si wanalo?" dada akamjibu. "Nani aliyejenga ukuta unaouegemea?" Kisha akamgeukia ndugu yake. "Nawe, unavishwa kilemba cha ukoka, unainamisha kichwa kabisa kikukae vizuri."

Koplo alicheka. Kusema kweli alikuwa amefurahi. Tangu atoke jeshini, watu walikuwa wakimpisha kwenye foleni na kumwonea huruma; hakuna aliyemwita apande jukwaani. Akapiga pasi koti lake, akajisemea atajua la kusema akifika huko.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Diwani alizungumza kwa moto, akapigiwa makofi, kisha akamsimamisha Koplo pembeni yake. "Hebu pandisha suruali kidogo, shujaa wetu," akasema kwa upole. "Waone wenyewe."

Koplo akapandisha. Watu walinyoosha shingo kuutazama ule mguu wa plastiki na chuma, na yeye, aliyekuwa akiuonyesha kwa kila mtu bure, safari hii alijihisi mbuzi wa mnadani. Akaishusha suruali, akainyoosha vizuri, akachukua kipaza sauti.

"Mguu huu niliupoteza mpakani, nikizuia watu kuvuka bila kibali," alianza. "Kazi ile siionei haya. Nchi bila mpaka ni nyumba bila mlango. Lakini bomu lilipolipuka, wenzangu walikuwa mbali. Walionifikia kwanza ni wale wale niliokuwa nikiwazuia."

Akawasimulia. Njia ilikuwa wazi, mlinzi yuko chini, wangeweza kupita zao. Badala yake waliingia kwenye ardhi iliyotegwa, wakikanyaga pale pale alipokanyaga yeye. Mwanamume mmoja alivua mkanda wake, akaufunga pajani mwa Koplo kuzuia damu, kisha wakambeba hadi kambini. Huko wakakamatwa wote na kurudishwa walikotoka.

"Yule bwana alipanda lori ameshika suruali kwa mkono," Koplo alisema, "maana mkanda wake ulikuwa kwenye mguu wangu."

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha kicheko kikafa chenyewe.

"Mguu huu wa bandia niliungojea mwaka mzima, ni kweli. Lakini niliungojea kwa sababu kliniki ina fundi mmoja tu wa miguu, na anahudumia mkoa mzima. Hakuna mgeni aliyeuvaa mguu wangu. Zungumzieni vibali, zungumzieni mpaka, nami nitachangia. Ila mguu wangu msiupigie kampeni."

Wengine walipiga makofi, wengine walizomea. Sauti moja kutoka nyuma ilisema amehongwa. Diwani alikuwa ameshanyoosha mkono kuchukua kipaza sauti pale Kipara alipojikongoja kwenye magongo yake na kusimama. Koplo akajua yamemfika.

Kipara akatangaza kwamba yeye hakubaliani na Koplo hata chembe. Asiye na kibali aondoke, na mkanda wa mtu mmoja haubadilishi sheria. "Lakini la fundi ni kweli," akamalizia. "Mheshimiwa, fundi wa pili anakuja lini?"

Diwani akasema suala hilo litaangaliwa. Kipara akauliza tena, kwa sauti ile ile, kama mtu anayegonga mlango huku anasikia watu ndani. Ukumbi mzima ukaanza kuuliza naye. Mwishowe azimio la vibali lilipita, lakini sentensi ya majeruhi ikafutwa, na ombi la fundi wa pili likaandikwa mahali pake.

Diwani hakukikalia tena kile kigoda. Wateja kadhaa wa dada walihamia kwa fundi mwingine, naye alimkumbusha Koplo jambo hilo kila alipomwongezea chai, ila hakumwambia hata siku moja kwamba bora angenyamaza. Fundi wa pili wa miguu alifika baada ya msimu wa mvua, na foleni ya kliniki ikaanza kusogea. Kipara na Koplo waliendelea kubishana kuhusu mpaka.

Walikuwa katikati ya ubishi huo Jumamosi moja, mtu wasiyemjua alipobisha hodi. Alikuwa na magongo, na lafudhi ya ng'ambo ya mpaka. Aliuliza kwa wasiwasi kama chumba kile ni cha wanajeshi wa hapa tu. Yeye aliumia akiwa jeshini kwao. Hakusema kama ana kibali.

Koplo akamtazama Kipara, akajizuia kusema, jambo lililomgharimu sana.

Kipara alimkagua mgeni kuanzia chini hadi juu.

"Hayo magongo ni mafupi," akasema hatimaye. "Yatakumaliza mgongo. Kaa." Akageuka, akaanza kutafuta bisibisi kwenye droo, huku akinung'unika kwamba sheria ni sheria.