Kiondo cha Noi

Karatasi ilitoka kwenye mashine ya Jonah ikiwa bado ina joto, na Wayua akaipokea kwa mikono miwili. Jonah, mwalimu mstaafu aliyefungua saiba ya intaneti pale sokoni Kanyangi baada ya kuchoka kulala mchana, alikuwa ameshaisoma yote bila kuombwa.

"Mama Kathini, wewe sasa umekuwa waziri," akasema. "Umepangiwa siku yako saa kwa saa. Hata gavana hapangiwi hivi."

Wayua alicheka kidogo, akaikunja karatasi na kuitia kwenye kiondo chake cha sokoni. Habari ile soko zima lilikuwa nayo. Kikundi chao cha wasusi wa viondo kilikuwa kimealikwa kwenye maonyesho ya kazi za mikono kule Bangkok, nchi ya Thailand, na wanakikundi wakawachagua wawili: Syombua, kwa sababu ni mwenyekiti na hajui kunyamaza, na Wayua, kwa sababu hakuna mkono Kanyangi yote unaosuka kama wake. Siku tatu watasimama kwenye meza yao. Siku ya nne, Jumapili, wako huru. Jumatatu wanapanda ndege kurudi.

Na katika mji huohuo wa Bangkok alikuwa anaishi Kathini, mtoto wake wa pekee, mwaka wa nne sasa, akifundisha watoto wa chekechea Kiingereza. Naye Kathini hakuwa na mapumziko ila Jumapili. Kwa hiyo Mungu alikuwa amewapa Jumapili moja baada ya miaka minne, na Wayua hakutaka kumlalamikia.

Nyumbani alikaa mlangoni, penye mwanga, akavaa miwani, akaisoma ratiba aliyotumiwa na Kathini, ambaye humwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba.

Saa mbili asubuhi, nitakuchukua hotelini. Saa mbili na nusu, Jumba la Kifalme, na uvae nguo ya mikono mirefu, Mwaitu, hawaruhusu mabega wazi. Hapo Wayua aliitikia kwa kichwa, kumbe watu wa huko wana adabu. Saa nne, hekalu lenye sanamu kubwa ya dhahabu iliyolala. Saa tano na nusu, boti mtoni. Saa saba, soko la wikendi, tumnunulie Kaveke viatu, namba sita. Saa tisa, jengo refu lenye sakafu ya kioo huko juu kabisa. Saa kumi na moja, tunakula Mtaa wa Wachina. Saa moja jioni, nakurudisha hotelini.

Aliisoma mara tatu. Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu na hakukiona. Katika siku nzima hiyo, yenye jumba la mfalme na nyumba ya sanamu, hapakuwa na nyumba ya Kathini.

Kwao, mama akisafiri kumwona mtoto aliyehamia mbali, haendi kutazama mji. Anakwenda kuona mtoto analala wapi, anachota maji wapi, na jirani yake ni nani. Akirudi, hayo ndiyo anayoulizwa. Hakuna mwanamke wa Kanyangi atakayemuuliza Wayua habari za mfalme.

Na jirani alikuwapo, jina lake Noi. Miaka mitatu iliyopita Kathini aliugua homa ya dengue huko. Wayua alikuwa anapiga simu kila saa, anauliza nani anakupa maji, mpaka siku moja Kathini akasema kuna mama wa mlango unaotazamana na wake, anaitwa Noi, ananiletea uji wa mchele na kunipangusa uso. Tangu siku hiyo Wayua alimwombea Noi kila Jumapili, kwa jina, kwa sauti, hata mzee mmoja wa kanisa akauliza kama huyo Noi ameokoka.

Lakini mtu aliyemuuguza mtoto wako haitoshi kumshukuru kwa maombi peke yake. Unamwendea na kiondo, na hicho kiondo hakiendi kitupu. Wayua alikuwa amekisuka tangu Februari. Alisokota katani mwenyewe juu ya paja mpaka ngozi ikachubuka, akaitia rangi ya magome aliyoyachemsha kwenye sufuria iliyokataliwa jikoni. Nyuzi za dukani aliziacha kwa viondo vya watalii. Ndani yake kungeingia ndengu za shamba lake na chupa ya asali iliyofungwa kwa nailoni mara tatu.

Kilichobaki ni mkanda wa ngozi. Mkanda wa kiondo cha kuuza hukatwa kipimo kimoja, auchukuaye na auchukue. Wa mtu unayempenda hukatwa kwa mwili wake, kutoka bega hadi nyonga. Februari alikuwa amemuuliza Kathini kimo cha Noi, na Kathini akajibu, "Ananifika begani, Mwaitu. Ni kafupi." Basi Wayua akachukua uzi, akaupima kutoka nyonga kwenda juu, kwa anavyokumbuka kimo cha binti yake, akapiga fundo la Kathini, na chini yake fundo la Noi. Uzi huo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari karibu na mlango. Hata hivyo, kabla ya kukata unauliza tena, kwa maana ngozi ikishakatwa hairefuki.

Kulikuwa na jambo moja jingine kwenye ile karatasi, na hilo Wayua alilipita haraka kila alipolifikia. Ni vile viatu vya Kaveke. Kaveke ni mtoto wa dada yake. Kathini alipoondoka, yeye ndiye aliyeletwa akae na Wayua asilale peke yake. Miaka miwili iliyopita Kaveke aliolewa huko Tawa. Wayua hakumwambia Kathini. Mwanzoni aliogopa atakatisha kazi arudi, na baadaye akaona haya. Kila Kathini akisema nisalimie Kaveke, Wayua alijibu, "Amesikia." Ukweli ni kwamba nyumba ile usiku ilikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa akiongea na mbuzi ili asisahau sauti yake.

Saa kumi na mbili jioni simu ililia. Huko Bangkok ilikuwa saa nne usiku. Kwenye kioo ukatokea uso wa Kathini, na nyuma yake ukuta mweupe, uleule wa miaka yote.

"Mwaitu, umeona programu?"

"Nimeona. Ni nzuri. Lakini umesahau nyumba yako."

"Nyumba yangu iko mbali. Na jam ya magari huku wacha tu. Tutapoteza masaa mawili."

"Kwani mimi natoka Kanyangi, nakaa angani siku nzima, halafu nishindwe na masaa mawili?" Wayua akashika kalamu. "Toa hiyo sanamu imelala. Nikitaka kuona mwanaume amelala mchana, si wako hapa sokoni?"

"Mwaitu!"

"Na hiyo nyumba ya kioo pia toa. Hapo weka Noi."

Kathini alitazama pembeni. "Noi anafanya kazi Jumapili."

"Tumfuate kazini."

"Hawataki wageni."

"Basi tutamngoja kwa mlango wake. Mimi nimengoja mvua ya Kitui maisha yangu yote, sembuse mtu mmoja?"

"Haya. Nitamuuliza," Kathini akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kufunga duka.

"Na uniambie tena urefu wake, nakata mkanda kesho. Sitaki nimletee kitu cha kumburuta."

"Ni mrefu tu, Mwaitu. Ananipita kidogo. Weka mrefu."

Wayua aliutazama uzi kwenye msumari. Fundo la Noi lilikuwa palepale, chini ya fundo la Kathini kwa upana wa kiganja. Miezi sita si mingi, na mtu mzima harefuki. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa imeishia mbele ya msusi asiyesahau kipimo.

Wazo lake la kwanza lilikuwa lile ambalo mama yeyote wa kanisa angelipata.

"Kathini. Noi ni mwanaume?"

Kathini akaangua kicheko, kikamtoka kwa nguvu, kisha kikageuka kilio akiwa bado anacheka.

"Afadhali angekuwa mwanaume," akasema. "Hakuna Noi, Mwaitu. Hajawahi kuwa. Hilo ni jina la mtoto wa darasa langu."

Wayua aliiweka kalamu chini.

"Ile dengue niliugua peke yangu. Siku sita. Nilikuwa natambaa mpaka kwa bomba. Na wewe kila saa, nani anakupa maji, nani anakupa maji. Nikaona nikikwambia hakuna mtu, utakufa wewe kabla yangu."

"Na huo mlango mwingine?"

"Kuna mtu. Nasikia TV yake. Miaka minne na sijui sura yake. Huku kila mtu anafunga wake. Mimi ni kazi, soko, nyumba. Ndiyo maana sikutaka uje huku kwangu. Ungeona."

Wayua alihisi uchungu wa ajabu, uchungu wa msiba. Noi alikuwa amekufa, mwanamke mfupi, mkarimu, mwenye bakuli la uji, ambaye Wayua alimwombea miaka mitatu. Kisha akamwona mwanawe anatambaa sakafuni kwenda kwenye bomba, hakuna mkono wa kumshika, na hasira ikampanda. Alitaka kumgombeza mpaka ajute, kwamba mtoto gani humficha mama yake ugonjwa, kwamba yeye alimlea hivyo lini.

Alikuwa ameshafungua mdomo Kathini aliposema, akijifuta macho, "Lakini sawa. Angalau wewe uko na Kaveke. Hiyo ndiyo hunifanya nilale."

Wayua akafunga mdomo.

Angeweza kuitikia tu. Amesikia. Neno moja, alilolizoea, na mtoto angelala. Badala yake akapiga moyo konde, akasimama na kuigeuza simu kuelekea chumba cha pili.

"Angalia."

"Naona magunia."

"Ni ya ndengu. Chini ya hayo magunia ni kitanda cha Kaveke. Aliolewa Tawa. Ako na mtoto wa mwaka mmoja."

"Aliolewa lini?"

"Mwaka juzi, mwezi wa nane."

"Na Krismasi, ukiniambia ameenda kuchota maji?"

"Nilikuwa nimechota mimi."

Wayua akaigeuza simu imtazame yeye tena.

"Sasa nani anakufungia mlango usiku?" Kathini akauliza.

"Mimi."

"Na asubuhi?"

"Ni mimi pia, mwanangu. Hata huku ni mimi."

Walilia, kila mmoja upande wake, bila kuambiana nyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi Wayua kulia mtu akimtazama. Walipomaliza Kathini alipenga kamasi na kutafuta kalamu.

"Haya. Tuanze upya. Jumba la Kifalme?"

"Toa. Mfalme hanijui."

"Boti?"

"Boti wacha. Nikirudi bila kupanda boti, Syombua atanisema mpaka mvua inyeshe."

"Sanamu tumetoa. Viatu?"

Wayua alipumua. "Toa."

"Basi saa saba imebaki wazi, Mwaitu. Niweke nini?"

"Kwanza simama. Nataka nikupime upya, pengine umerefuka."

Kathini akasimama, na alipofanya hivyo simu ikaondoka kwenye ule ukuta mweupe. Kwa mara ya kwanza Wayua akakiona chumba. Kilikuwa safi. Kulikuwa na kitanda chembamba, kikombe kimoja juu ya rafu, sahani moja, kijiko kimoja kikiwa kimesimama ndani ya glasi. Kulikuwa na meza, na mbele yake kiti kimoja. Ukuta wa upande wa pili haukuwa na kitu.

"Mimi nitakaa wapi?" Wayua akauliza.

Kathini akageuka, akakitazama kile kiti kana kwamba ndio kwanza anakiona leo. "Sijawahi kuwa na mgeni," akasema polepole.

"Andika hapo saa saba. Soko la wikendi, kununua kiti."

Akaandika. Wayua aliisikia kalamu ikikwaruza karatasi.

"Saa tisa, nyumbani kwako. Tunakaa. Tunakunywa chai. Saa kumi tunabisha huo mlango mwingine, tunapeleka kiondo. Wewe utakuwa mbele, mimi nyuma yako."

"Na tuseme nini?"

"Si utasema hodi, kwa lugha yao? Kina ndengu na asali. Nani anakataa asali?"

"Na asipofungua?"

Wayua akasema walale, kwamba kesho kuna kazi, na kila mmoja akangoja mwenzake akate simu kwanza.

Asubuhi alitandaza ngozi juu ya benchi nje, akautoa uzi kwenye msumari. Mtu wa mlango ule hakuwa na kimo. Huenda ni mrefu, huenda ni mfupi, huenda asifungue kabisa. Wayua aliukata mkanda kwa fundo la Kathini, ili mlango usipofunguka kiondo kiwe na mwenyewe. Kisha akakaa kulifungua lile fundo la chini, la Noi. Lilimchukua muda, kwa sababu lilikuwa limekaza tangu Februari.