Milima Iliyotolewa Mara Mbili

Wiki tatu baada ya kumzika mdogo wangu, nilipeleka daftari lake kazini kwake. Mwenzake wa meza ya jirani ndiye aliyeniomba. Ramani ya mwisho ya mdogo wangu ilikuwa na kosa, na mkuu wao alishasema: chanzo kisipopatikana kufikia saa kumi, ramani inatupwa, kazi inaanza upya kwa jina la mtu mwingine.

"Pole tena, dada. Kaa, kiti chake hicho."

Nikakaa. Kilikuwa kiti tu.

Alinieleza taratibu. Wanachunguza mwezi wa sayari ya mbali. Chombo kinauzunguka, kinapima urefu wa milima na nguvu ya mwezi kukivuta. Kwenye hesabu, wao wanatoa mvuto wa milima yenyewe. Unaobaki unawaambia unene wa ganda la mwamba lililo chini: ukipungua, ganda ni nene.

"Sasa kwenye ramani ya huyu bwana, chini ya milima ganda limenenepa kama shemeji yangu baada ya harusi." Akajishika mdomo. "Samahani."

"Hata yeye angecheka."

Kompyuta yao haiweki kumbukumbu ya nani katoa nini. Kwa hiyo kila ukitoa kitu, unatia alama ya vema daftarini palepale. Tulifunua kurasa. Mwandiko ulikuwa uleule wa shule, umelalia kulia. *Milima*, vema. Mistari sita chini yake, *milima*, vema tena.

"Katoa mara mbili! Mtu aliyekuwa ananikagua mimi mpaka nukta! Alikuwa na nini siku hiyo?"

Nikatazama tarehe. Ilikuwa ileile ya karatasi ya majibu ya vipimo vya hospitali, tuliyoikuta kwenye mkoba wake baada ya mazishi. Nyumbani tulikuwa tunajipa moyo kwamba hakuielewa, maana siku ile alirudi, akala, akaosha vyombo, akamtania mama kuhusu miwani yake.

Alielewa. Alitoka hospitali akaja kukaa hapa.

Mwenzake aliirudisha milima kwenye hesabu, mara moja tu. Wekundu ulioonyesha unene kwenye ramani ukapungua polepole.

"Imekaa sawa. Jina lake linabaki, dada."

Nikasema asante. Nilijua ni habari njema.

Jioni mama aliniuliza kama ramani imepona. Nikamwambia imepona.

"Kwani alikosea nini, mwanangu?"

"Hesabu tu, mama," nikasema, nikaenda kuanua nguo.